Ndugu wa Jaketi

Shangazi yangu hajui kuogelea, na hajawahi kuvua hata dagaa mmoja, lakini pale mwaloni, mahali boti zinaposhusha samaki, hakuna mvuvi asiyemjua. Yeye ndiye fundi wa majaketi ya kuokolea maisha. Cherehani yake ya miguu iko barazani, imeelekea ziwani, na pembeni yake halikosi rundo la majaketi yaliyopasuka, yananuka shombo na petroli. Mvuvi akileta jaketi lake lazima kwanza asimangwe kidogo.

“Hili uligombania na fisi?”

“Ndoano tu, mama.”

“Ndoano ipasue kwapa zote mbili? Basi hiyo ndoano ina wivu. Weka hapo, uje kesho. Na siku nyingine ulifue kwanza, mimi sishoni jasho la mtu.”

Wanaume wazima wanacheka, wanaweka, wanaondoka wanajikuna kichwa.

Zamani alikuwa anashona foronya na sare za shule. Mumewe alikwenda kutafuta kazi nchi nyingine, akatafuta kweli kweli, hakurudi. Shangazi akabaki na mtoto mmoja wa kiume, binamu yangu, ambaye mwalo mzima ulimwita Msumari kwa urefu na wembamba wake. Mimi nilipoacha shule baba alinileta kwa Shangazi nimsaidie kukata nyuzi na kujaza sponji, nikakaa. Kwa hiyo haya sikuhadithiwa.

Kazi ya majaketi ililetwa na Tume. Ziwa letu lina nchi tatu pembeni yake, na zamani kila nchi ilijifanya kama maji yanaishia kwake. Mtu akifa maji upande huu, upepo ukamtupa upande ule, ilikuwa balaa. Polisi wa kule wanasema huyu si wetu, wa huku wanasema hatujamwona, ndugu wanashinda mpakani na picha mkononi, na mwishowe marehemu anazikwa na watu wasiojua hata jina lake. Ndipo wakubwa wa nchi zote tatu walipokaa wakaunda Tume ya Ziwa, na moja ya mambo waliyokubaliana ni majaketi. Kila nchi na rangi yake. Sisi chungwa, wa ng'ambo manjano, wale wa kusini nyekundu, na ndani ya kola namba ya boti. Mtu akiokotwa popote majini, mzima au maiti, boti ya Tume inaangalia rangi, inamrudisha kwao bila kuzungushana.

“Kwa hili tuwape haki yao,” Shangazi alikuwa akisema huku mguu uko kwenye cherehani. “Wamekaa kwenye viti vizuri wakawafikiria wanaokaa kwenye mbao. Si jambo la kila siku.”

Na ilisaidia. Mume wa muuza barafu aliletwa na boti ya Tume yuko hai, amefunikwa blanketi, analalamika chai ya ng'ambo haina sukari. Watu walicheka mpaka wakalia.

Lakini majini wavuvi walikuwa na mkataba wao, wa zamani kuliko wa Tume. Mtu wa huku akimsaidia wa ng'ambo kwenye hatari, au wa ng'ambo akimsaidia wa huku, wale wawili wanavua walichovaa juu na kuvishana. Kwanza ilikuwa shati au koti la mvua. Majaketi yalipokuja, ikawa majaketi. Mkishavishana ninyi ni ndugu wa jaketi. Injini yake ikizima unamvuta, nyavu zenu zikinasana hakuna anayetoa kisu, na jaketi lake hulirudishi, kwa sababu kurudisha ni kumkana. Tume haikuuliza, wavuvi hawakusema, na hakuna aliyekaa akafikiri kwamba mambo hayo mawili hayawezi kulala chumba kimoja.

Shangazi alijua. Majaketi ya manjano yalifika kwenye cherehani yake, akayashona kama mengine.

Siku Msumari aliporudi amevaa la manjano, Shangazi aliacha kushona.

“Hilo kakupa nani?”

“Ndugu yangu.”

“Ndugu yako! Mimi nimezaa mmoja. Labda baba yako huko aliko kaongeza.”

Msumari akacheka, akaeleza. Injini yao ilizima katikati ya ziwa, ikaja boti ya ng'ambo ikawavuta mpaka karibu na nyumbani. Kwenye boti ile kulikuwa na kijana mmoja mcheshi, wakamwita Jirani, na ndiye aliyeruka majini kufunga kamba. Wakavishana.

“Mfupi hivi,” akaonyesha kifuani pake. “Jaketi langu limemfika magotini, mama. Kama kanzu.”

“Na lake wewe limekuishia kitovuni. Mwanaume mzima amevaa sidiria. Kamrudishie.”

“Siwezi. Unajua siwezi.”

Alijua. Alimpokonya, akalifumua mikanda, akaishona upya iwe mirefu, akamtupia bila kumtazama.

Siku moja baada ya hapo upepo ulikuja mchana, jua likiwa bado linawaka, na mabati ya soko la samaki yakaanza kupiga makofi. Boti zilizokuwa karibu zilikimbilia ufukweni. Ya kina Msumari haikuwa karibu.

Nahodha wao aliokotwa na watu wa kusini akiwa amekumbatia dumu tupu, akaletwa kesho yake. Alikuja mwenyewe mpaka barazani na blanketi mabegani, akapiga magoti mbele ya cherehani.

“Mama, tulikuwa karibu na boti ya kina Jirani. Tukazifunga pamoja ili zisipinduke. Zikapinduka pamoja.”

“Mwanangu?”

“Alikuwa anaelea, amemshika Jirani. Wote wawili wanaelea. Lakini mawimbi yalikuwa yanawapiga usoni, mama, hayampi mtu nafasi ya kuvuta pumzi. Halafu sikuwaona tena.”

Shangazi hakupiga kelele. Alimwambia tu, “Inuka, unachafua blanketi la watu.”

Siku zilizofuata alikaa kwenye cherehani bila kushona. Majirani walikuja na maneno ya kutia moyo, kwamba huenda yuko kisiwani, kwamba mtu fulani wa zamani alionekana baada ya muda mrefu. Aliwakata kauli.

“Msinidanganye. Simdai akiwa hai. Nataka mwili wake. Nimzike mahali ambapo nikitembea kwa miguu yangu nafika. Baba yake alinipotea bila kaburi, nikanyamaza. Huyu sikubali.”

Ndipo baba yangu alipopigiwa simu na Tume. Kuna maiti imeokotwa, imevaa jaketi la chungwa, namba ni ya boti ya kina Msumari, na kwenye boti hiyo aliyebaki hajaonekana ni mmoja tu. Baba alikuja anahema. Aliposema neno chungwa, nilimwona Shangazi amefumba macho kidogo. Nadhani palepale alijua. Lakini mama akiitwa akamchukue mwanawe haanzi kuuliza mambo ya rangi. Alijifunga kitambaa kichwani, akaniambia nimshike mkono.

Chumba cha maiti kilikuwa nyuma ya hospitali, karibu na tanki la maji. Mhudumu alituambia tusifungue mfuko, ni amri ya afya, na tena amekaa sana majini. Shangazi akamwambia, “Mwanangu, mimi nimemwogesha kabla hujazaliwa. Fungua.” Afisa wa Tume, kijana mwenye macho mekundu kama hajalala, akatikisa kichwa kukubali.

Uso haukuwa uso tena. Samaki walikuwa wamefika kwanza. Lakini Shangazi hakuangalia uso. Alikwenda upande wa miguu, akasimama pale ambapo miguu iliishia, mapema, mbali na mwisho wa meza. Akaweka kiganja chake kwenye meza tupu iliyobaki.

“Si yeye.”

“Dada,” baba akasema taratibu, “maji yanabadilisha mtu.”

“Yanamkata? Yamemkata yakamshona? Huyu ni Jirani.”

Afisa akafungua jalada lake. “Mama, jaketi ni la mwanao. Namba hii hapa.”

“Jaketi ni lake. Aliyelivaa si yeye.”

Baba alimkanyaga mguu anyamaze, asije akawaponza wavuvi wengine, lakini Shangazi alieleza yote, kuvishana na undugu na Jirani. Yule afisa alisikiliza mdomo ukiwa wazi.

“Mnabadilishana majaketi? Mama, rangi ndiyo kila kitu! Nchi tatu zimekaa kwa sababu ya rangi!”

“Kwani mliwauliza?”

Afisa alifunga jalada. Alitoka nje kupiga simu. Aliporudi alizungumza huku anaangalia sakafu. Maiti mwenye jaketi la manjano aliokotwa siku ile ile, mrefu, akapelekwa ng'ambo kama mkataba unavyotaka. Familia imempokea. Imeshamzika.

“Basi wamfukue,” Shangazi akasema. “Mimi niwape mtoto wao, wao wanipe wangu. Boti ni ile ile.”

“Mama, mkataba una njia ya kupeleka. Njia ya kurudisha hauna. Mtu akishazikwa nchi nyingine mpaka nchi zote tatu zikae, na wao wenyewe wakubali. Kikao ni baada ya mvua.”

“Na huyu hapa?”

“Asipopata mwenyewe, manispaa watamzika na wale wasio na ndugu. Chumba kimejaa.” Akashusha sauti. “Ukisema ni wako, nakukabidhi leo. Ila ukishasaini kwamba ni wako, yule wa kule hutamdai tena. Haiwezekani mtu mmoja azikwe mara mbili.”

Tulirudi nyumbani bila maiti.

Baba alijaribu. “Dada, mchukue huyu tumzike, yaishe. Watu wamekaa uani wanasubiri msiba.”

“Wasubiri. Au waende.”

“Unagombana na nchi tatu?”

“Nagombana na anayeniambia yaishe, mdogo wangu. Nawe ni mmoja wao, chunga.”

Alimwita nahodha. Nahodha alikuwa na namba ya mtu wa ng'ambo aliyemjua mtu mwingine, na kabla ya saa sita Shangazi akawa na namba ya mama yake Jirani. Simu yake sikio lake limekufa, inasikika kwa spika tu, kwa hiyo sote barazani tulisikia, mimi, baba na nahodha.

“Mama, habari. Pole na msiba.”

“Asante. Nani mwenzangu?”

“Mimi ni fundi cherehani wa ng'ambo yako. Mama yake Msumari.”

Kuku alilia huko kwao.

“Yule mrefu,” sauti ikasema.

“Mwanao alikuambia?”

“Alisema amevishana na mlingoti.”

Shangazi aliuma mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya upepo, macho yake yalijaa.

“Dada, mwanao yuko huku. Nimemwona leo asubuhi.”

“Mwanangu nimemzika.”

“Umemzika wangu.”

“Usiniambie hivyo.”

“Mlifungua mfuko?”

“Walikataza.” Akavuta pumzi, ikasikika kwenye spika kama upepo. “Nilimshika miguu kwa nje. Wangu nilimzaa mwenyewe, najua anapoishia. Yule alikuwa anaendelea.”

“Na ukanyamaza.”

“Kaburi limeshachimbwa, baba yake amekaa pembeni na moyo wake mbovu, wadogo zake wanalia. Wewe ungesema?”

“Ningesema! Nimesema!”

“Basi una nguvu kuliko mimi.”

Shangazi alisogeza simu karibu na mdomo, akabadilisha sauti. Sijawahi kumsikia akimbembeleza mtu kabla ya hapo. “Nisikilize, mwenzangu. Wewe nenda kwa watu wa Tume wa kwako, mimi kwa wa kwangu. Tuseme neno moja. Wanawake wawili, kila mmoja na kwao, watatusikia. Wamfukue mara moja tu, usiku hata, watu wasione.”

“Baba yake ameanza kula jana. Nikamwambie nini? Kwamba tumemlilia mtoto wa watu na wake ameachwa kwenye meza? Ataanguka, nizike wawili. Siwezi, dada. Nisamehe.”

“Sikukupigia nikusamehe. Nimekupigia nimpate mwanangu.”

“Najua.”

Kuku akalia tena. Nilidhani amekata.

“Yukoje wangu?” akauliza. “Usoni?”

Baba aliinamisha kichwa. Nahodha akaondoka barazani akasimama juani.

“Ametulia,” Shangazi akasema.

“Usiwaachie manispaa wakamtupa na wengi. Nakuomba. Wako nimemweka pazuri, karibu na bibi yake.”

“Bibi yake alizikwa huku. Huyo ni bibi wa watu.” Akakata.

Alikaa hivyo mpaka jua likapita juu ya paa. Hakulia. Alikuwa anasukuma gurudumu la cherehani kwa kidole, mbele na nyuma, bila uzi. Nilimwekea maji, akayaangalia tu. Mwisho akasimama, akasema twende hospitali kabla hawajafunga.

Afisa alikuwa bado yupo. Alimwekea karatasi na kalamu.

“Niandike marehemu ni nani wako, mama?”

“Andika mwanangu wa jaketi.”

“Wa jaketi hatuna nafasi ya kuandika hapa.”

“Basi andika mwanangu.”

Akasaini. Mkono wake, ambao unatungia uzi sindano bila miwani, uliandika herufi moja moja huku afisa amemshikia karatasi.

Tulizika kesho yake. Watu walikuwa wengi, maana wote walidhani tunamzika Msumari, na Shangazi alikataza waambiwe lolote. Wavuvi walikuja na majaketi yao ya chungwa, wengine wawili watatu ya manjano. Walikuwa wanamlilia Msumari kwa jina lake, wanakumbushana utani wake, na chini alikuwa amelala mtu ambaye hakuna aliyewahi kula naye. Nilimwangalia Shangazi. Kila mara jina la Msumari lilipotajwa, alikuwa kama anapigwa.

Wachimbaji walikuwa wamechimba kwa kipimo alichowapa baba kabla mambo hayajajulikana. Jeneza liliposhushwa, likabaki pengo kubwa upande wa miguu. Mchimbaji mkubwa akakuna kidevu.

“Mama, si mlisema ni mrefu?”

“Alikuwa mrefu,” Shangazi akasema. “Fukia.”

Baada ya hapo habari ya kuvishana ilivuja, labda kupitia yule afisa, ikafika kwa wakubwa wa Tume, wakakaa kabla hata ya mvua. Safari hii hawakuchelewa. Wakatoa amri moja kwa nchi zote tatu: mvuvi akikutwa na rangi isiyo ya kwao, boti inashikiliwa. Bango likabandikwa sokoni. Wavuvi waliovishana wakaficha majaketi chini ya vitanda, wengine wakayachoma. Sasa injini ya mtu ikizima pale katikati, boti za ng'ambo zinapita mbali, kila mtu anaogopa kusogelea rangi ya mwenzake. Nahodha alikuja kumweleza Shangazi hayo kwa hasira, akitaka amsikie anawatukana Tume. Shangazi hakuwatukana. Alimuuliza kama jaketi lake linahitaji kushonwa.

Mama yake Jirani alipiga simu mara nyingi. Shangazi aliangalia namba, akaiacha ilie mpaka ichoke. Kaburini pia hakwenda tangu siku ya kuzika. Nilipita kule nikielekea kuteka maji, nikaona nyasi zimeanza kupanda. Sikusema.

Asubuhi moja, mvua ikiwa imekatika, simu ililia tena wakati anashona. Sijui kwa nini siku hiyo aliipokea.

“Unataka nini?”

“Hakuna,” sauti ya ng'ambo ikasema. “Nimetoka kumpalilia wako. Mvua imeleta majani mengi huku. Nimemwekea mawe pembeni, maji yasimle udongo.”

Mguu wa Shangazi ulikuwa bado uko kwenye cherehani, sindano imesimama ndani ya kitambaa.

“Na wangu?” yule mama akauliza, kwa woga. “Huko hakujaota?”

“Nimempalilia,” Shangazi akasema. “Kuko safi.”

“Asante, dada. Asante sana.”

Simu ikakatika. Shangazi aliinua kile kimguu cha cherehani kinachokandamiza kitambaa, akalitoa jaketi, akaliweka juu ya rundo. Akaingia ndani, akatoka na jembe, akanitazama nilivyokaa na mkasi wangu.

“Inuka twende,” akasema. “Nisishinde na uongo mpaka jioni.”